Hita Niliyoinunua kwa Kunyamaza

Nawaandikia ninyi akina mama mnaowapeleka watoto wenu soko la mabuti, lile la watu wanaouzia vitu vyao kwenye buti za magari shambani, Jumapili asubuhi kutafuta vyombo vya bei ya kutupa. Nendeni, sikatazi. Nusu ya nyumba yangu mwenyewe imetoka kwenye mabuti ya magari ya watu: masufuria, mapazia, saa ya ukutani, hata kochi alilokuwa akilalia marehemu mbwa wetu. Lakini someni kwanza yaliyonikuta, halafu mwende na akili zenu.

Wangu ni mmoja tu, anaitwa Leanne. Mwaka huu kulipoanza kupata joto alipanga nyumba yake ya kwanza, vyumba viwili juu ya duka la samaki wa kukaanga, hapa hapa mjini kwetu Heanor. Nasema juu ya duka la samaki! Chini mafuta yanachemka kutwa, na mwanangu amelala juu yake. Nilipomweleza baba yake, Des, akasema, "Basi hatasikia baridi," akageuza ukurasa wa gazeti.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu, ufunguo wa akiba. Siyo kwamba niende kule kila siku. Nilitaka nijue kwamba akiugua, akisahau jiko linawaka, akiteleza bafuni, yuko mtu anayeweza kufungua mlango bila kuuvunja. Mama gani hataki hilo?

Leanne aliuweka ufunguo ule wa pili kwenye pete moja na wa kwanza, akaja nao jikoni kwangu, akauchezesha mbele ya uso wangu kama mtu anayemwonyesha paka samaki.

"Mama, tupatane. Jumapili nakwenda soko la mabuti, shambani kwa Gilliver, kununua vyombo vyangu. Kwa hela yangu. Wewe na Baba mtanipeleka kwa sababu nyie ndio wenye gari."

"Tutakupeleka, mwanangu."

"Ngoja, sijamaliza. Tukifika kule hutasema neno juu ya kitu chochote ninachokishika. Hata moja. Siyo 'angalia waya,' siyo 'hiyo imepasuka,' siyo 'kuna mtu kule Ripley alikufa kwa kitu kama hicho.' Tukitoka nje ya geti la Gilliver hujasema, ufunguo ni wako."

"Na nikisema?"

"Ukisema, nampa Bibi Thackray."

Bibi Thackray ndiye jirani yake wa mlango wa pili. Ameshavuka themanini, na akivua vile vidude vyake vya masikioni hasikii hata bendi ya jeshi. Nyumba ingewaka moto yeye angedhani ni jua la Agosti.

Des aliteremsha gazeti. "Glenys asiseme neno? Asubuhi nzima? Leanne, mwonee huruma mama yako, mpe kazi nyepesi. Mwambie ahamishe kanisa."

"Naweza," nikasema.

"Hapo tu umeshasema," akasema Leanne. "Bahati yako tumepatana Jumapili."

Basi Jumapili tukaamka ndege hawajaamka. Nilijaza chai kwenye chupa, nikavaa gambuti, na nikanunua kabisa pakiti ya peremende zile kubwa ngumu za mnanaa, zile ambazo ukiweka moja mdomoni huwezi kutamka hata jina lako. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu. Mdomo ukijaa, ulimi utakaa wapi?

Shamba la Gilliver lilikuwa tope tupu. Walanguzi walishafika na tochi zao. Hao mnawajua. Gari halijasimama vizuri, mtu ameshaingiza kichwa kwenye buti anakuuliza kama una saa za zamani, na wewe bado umefunga mkanda.

Soko la mabuti lina sheria moja ambayo haijaandikwa popote, na anayeivunja watu watamkumbuka mpaka azikwe: kilicho mkononi ni cha mwenye mkono. Ukishika kitu, hata kama hujauliza bei, hata kama unawaza tu, hakuna atakayekigusa. Watasimama kando wakijifanya wanatazama mawingu. Lakini ukikiweka chini, hata kama ni kwa ajili ya kupenga kamasi tu, kimeondoka. Nimewahi kuona bwana na bibi mmoja, hawajuani, wameshika zulia moja, huyu upande huu na huyu upande ule. Hakuna aliyemtukana mwenzake. "Samahani." "La, samahani mimi." "Hapana, wewe kwanza." Na hakuna aliyeachia. Mvua ikawanyeshea pale pale, zulia likalowa mpaka likawashinda uzito, na aliyelichukua mwishoni ni mtu wa tatu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Leanne akapata sahani, nzito, zisizo na ufa. Nikanyonya peremende yangu. Akapata sufuria yenye mfuniko wake. Nikanyonya. Akapata mapazia ya maua ya manjano, akayanusa, akayatazama kwenye mwanga, akamwomba mwuzaji apunguze, naye akapunguza. Nilimwonea fahari mpaka nikasahau kuogopa.

Ndipo tukafika kwa mzee mmoja mnene aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, na mbele yake, chini kwenye nyasi zenye umande, iko hita, mashine ya kupashia chumba joto.

Niwaeleze hiyo hita. Ilikuwa ya zile za umeme za zamani, za fimbo mbili zinazowaka nyekundu kama macho ya shetani. Wavu wa mbele umeng'oka upande mmoja. Waya wake umevikwa kitambaa, kama kamba ya kiatu, na pale ulipokatika mtu aliufunga kwa plasta. Siyo plasta ya mafundi. Plasta ya kidonda!

Leanne akaichukua. Akaigeuza juu chini. Akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye ile plasta, akainama, akanusa. Halafu akaiweka chini, akageuka nyuma akapunga mkono. "Baba! Baba, njoo uone hii!"

Des alikuwa mbali, ameinamia makopo ya misumari mchanganyiko. Huyo akishafika kwenye misumari, hata umwambie nyumba inaungua atakuuliza kama kuna misumari.

Nilimwona mwanangu anaipeleka hita nyumbani, anaichomeka, anasinzia, pazia la manjano linapepea. Kusema siwezi. Ufunguo! Basi mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaikwapua hita, nikaikumbatia kifuani.

"Una jicho wewe, mpenzi," akasema yule mzee. Huku kwetu kila mtu ni mpenzi, hata askari anayekuandikia faini. "Hiyo ndiyo iliyompasha joto marehemu mama yangu mpaka siku yake ya mwisho."

Nilitamani kumuuliza hiyo siku ya mwisho ilikuwaje. Nikanyonya peremende.

"Mama?" Leanne akageuka. "Hiyo ya nini?"

Nikaelekeza kidevu kwa Des, nikapiga nyundo hewani, nikachora paa kwa vidole.

"Ya banda la Baba?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hiyo?" Akaitazama ile plasta, akanitazama mimi. "Haya. Ni hela yako."

"Pauni nne, mpenzi," akasema mzee, "na nakupa na masizi yake bure."

Nikalipa. Nikaipeleka kwenye gari mwenyewe, nikaifunika kwa koti. Nikajiambia, Glenys, umeokoa mtoto na hujasema neno. Nikaona nimegundua dawa.

Na dawa, ndugu zangu, ukishaipata unataka kuinywa kila saa.

Leanne akasimama mbele ya blanketi la umeme, la rangi ya waridi, lenye alama ya kahawia katikati iliyofanana na ramani ya Uskoti. Alikuwa anapitisha kidole pembeni mwa ile alama. Nikalichukua. Akashika pasi ambayo waya wake umegeuka kuwa manyoya. Nikaichukua. Akatikisa ngazi ya mbao, kipandio kimoja kikalia kama mlango wa makaburini, nikaichukua ngazi, nikaibeba begani, na kila nilipogeuka kumtazama yuko wapi nikawapiga watu vichwa nyuma.

"Samahani," wakasema, kwa sababu huku kwetu aliyepigwa ndiye anayeomba radhi.

Hapo nikakutana na Maureen Allsop. Maureen tunakaa meza moja kwenye mchezo wa bingo. Siku hiyo alikuwa anauza mbwa wake wa udongo, wale anaowauza kila mwaka na hakuna anayewanunua.

"Glenys! Umekuja kupaka rangi?" akauliza akitazama ngazi.

Nikatabasamu, nikaonyesha koo.

"Koo? Sauti imekatika?"

Nikaitikia. Nilifikiri ndiyo njia fupi.

"Masikini. Na hiyo pasi? Mbona imenyonyoka?" Akachungulia kikapu changu. "Na hili blanketi limeungua! Glenys, kwani Des ameanza kutengeneza vibovu?"

Nikaitikia tena. Ningesema nini? Na mtu asiyesema hawezi kumwambia Maureen kwamba jambo hili libaki kati yetu, ingawa hata ukimwambia halibaki.

Sijafika mbele magari matatu, akaja kijana wa kiume mwenye ndevu, anakimbia kwenye tope. "Mama, wewe ndiye mke wa fundi? Nina mashine ya kukaushia nywele. Inatoa cheche. Bei utakayotaka wewe."

Nikakataa kwa kichwa. Lakini nani kasimama pale pale nyuma yake? Leanne, ananyoosha mkono. "Cheche za wapi, za nyuma au za mbele?" anamwuliza. Nikaona nywele za mwanangu, zile alizozaliwa nazo, zinawaka. Nikainunua.

Baada ya hapo wakaja kwa mstari. Huyu ana birika linalovuja kwenye swichi. Yule ana taa ya kitandani ambayo ukiigusa inakugusa na yeye. Mama mmoja akaniletea kitu akasema hata yeye hajui ni nini, ila kiliwahi kumpiga shoti mumewe akaenda hewani, na akaomba radhi kwamba mumewe hayuko tena aje athibitishe. Wote wananizungumzisha kwa sauti kubwa na polepole, wanatanua midomo, maana habari ya Maureen ilikuwa imekua njiani, na ilipofika upande wa pili wa shamba nilikuwa bubu na kiziwi, na Des amefungua karakana.

Wengi niliwakwepa. Lakini kila Leanne aliponyoosha mkono, mkono wangu ulitangulia. Yeye alianza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mara mbili nilimwona amekunja midomo kama anayezuia kitu. Nilidhani ni hasira.

Peremende zikaisha. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli kweli.

Saa ya kufunga ikakaribia, magari mengine yanaondoka, na Leanne akaiona meza. Ilikuwa meza ya jikoni, mbao ngumu, yenye mabawa ya kukunja huku na huku, miguu minene kama ya ng'ombe. Aliyekuwa anaiuza ni mwanamke mmoja aliyekuwa anaondoa vitu vya nyumba ya shangazi yake aliyefariki.

"Mpenzi, nikirudi nayo nyumbani mume wangu ataipasua kuni," akasema. "Nipe chochote, ila iondoke sasa hivi. Gilliver anafunga geti."

Leanne hakukurupuka. Alipiga magoti kwenye tope, akalala chali chini ya meza, tukabaki tunaona gambuti zake tu. Akagonga. Akakwaruza kwa kucha. Akapuliza kwenye tundu. Mimi niko pale juu nimejiziba mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu neno "mchwa" lilikuwa limefika kwenye meno.

Akatoka. "Nzima. Naichukua."

Ah, jamani. Niliipenda ile meza kuliko yeye. Nilimwona ameketi, anakula, yu hai.

Des akaja na kopo lake la misumari mkononi na mkate wa nyama ya nguruwe kwenye mkono wa pili, mchuzi wa nyanya umemfika kidevuni. Tukaibeba meza mpaka kwenye gari. Akafungua buti.

Akatazama. Akatafuna. Akatazama tena.

"Glen," akasema, "nani amehamia kwetu?"

Hapakuwa na nafasi hata ya kuingiza kijiko. Leanne akaniondolea koti langu juu ya vile vitu, akaanza kuvitoa kimoja kimoja akivipanga kwenye nyasi. Hita. Blanketi. Pasi. Ngazi. Mashine ya nywele. Taa. Kile kisichojulikana jina. Kila akitoa kimoja mabega yake yanacheka, mpaka akakaa chini kwenye tope akashika tumbo.

"Mama. Mama yangu we. Hivi vyote ni nilivyovikataa!"

Nikamtolea macho.

"Hita nilikuwa namwita Baba aje aione ile plasta! Nilitaka acheke. Ulifikiri nainunua? Nani amenifundisha kunusa waya? Tangu sijajua kusoma unaninusisha waya! Maduka yote ya Heanor wananijua, yule mtoto anayenusa."

Des alikuwa ameacha kutafuna. "Mama yako amenunua kila kitu cha kuulia mtu kilichokuwepo shambani," akasema taratibu, kama mtu anayesoma jiwe la kaburi, "kwa bei nzuri."

Niliona aibu, sitawaficha. Lakini chini ya ile aibu nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Alikuwa ananusa! Yote niliyomwambia, yale aliyokuwa akiyakunjia uso, yalikuwa yameingia, yamekaa humo ndani.

Leanne akainuka, akanifuta tope shavuni. "Na hujasema neno. Sikuamini kama utaweza." Akatoa ile pete ya funguo mfukoni, akaanza kuuzungusha ufunguo wa pili autoe. Mnajua pete hizo zilivyo ngumu, ukucha unaumia. Ufunguo ukazunguka mara moja. Ukafika katikati.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Kwenye soko la mabuti, buti likifunguliwa na vitu vikiwa kwenye nyasi, hiyo ni biashara. Hakuna anayeuliza kama unauza. Sisi tulikuwa tunatafuta nafasi ya meza, wao wakaona mwuzaji mpya wa mwisho wa siku, yule ambaye hataki kurudi na vitu. Wakaja kama nzi. Mikono ikaingia.

"Ngazi kiasi gani?"

"Hili blanketi linafanya kazi, mpenzi?"

Na bwana mmoja mpole, mwenye kofia ya sufu, miwani imefungwa uzi, akawa ameshaishika hita. Ameikumbatia kama nilivyoikumbatia mimi.

"Samahani," akamwambia Des. "Hii kiasi gani? Ni ya mama yangu. Anakaa peke yake kule Codnor, na miguu yake haipati joto usiku."

Des, Mungu amsamehe, alichoona yeye ni nafasi ya meza. "Chukua tu, rafiki yangu. Nipe pauni moja."

Leanne alikuwa ameinamisha kichwa kwenye pete, anahangaika. Kama ningenyamaza mpaka yule bwana ageuke, ufunguo ungekuwa kiganjani mwangu. Nilimtazama yule bwana. Nilimwona mama yake, soksi zake, kiti chake kimesogezwa karibu.

"WEKA CHINI HIYO!"

Shamba zima likageuka. Maureen Allsop akaangusha mbwa.

"Weka chini! Hiyo itamuua mama yako! Umeiona hiyo plasta? Hiyo ni plasta ya goti! Na wewe bibie, acha hilo blanketi, unadhani hiyo ramani imechorwa na nani, imechorwa na moto! Ngazi hiyo ina kipandio kimoja kimeoza, cha tatu, anayekipanda hashuki kwa miguu. Hiyo mashine inatoa cheche, mwenyewe kaniambia, yule pale mwenye ndevu, usijifiche! Waya wenye kitambaa haununuliwi! Waya uliopinda kwenye plagi haununuliwi! Kitu cha umeme mnakigeuza, mnakitikisa, mnakinusa, na kama mwuzaji anasema kilimpasha joto marehemu, mnaondoka!"

"Kumbe anasema!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Na wala siyo kiziwi!"

Ningeishia hapo. Mungu wangu, ningeishia hapo tu. Hayo nilikuwa nawaambia watu baki, na mapatano yalikuwa juu ya vitu vya Leanne. Lakini maneno ya asubuhi nzima yalikuwa yamepanga foleni kooni, na mlango ulishafunguka. Nikamgeukia mwanangu.

"Na wewe! Yale mapazia usiyaweke upande wa jiko, weka chumbani. Ile sufuria ina mkono wa chuma, utakuunguza, funga kitambaa. Sahani zile usizipange juu kabatini, zitakuangukia. Na hiyo meza umegonga miguu mitatu, nimehesabu, wa nne hujaugonga!"

Hata walanguzi waliacha kupekua vitu.

Leanne akautazama ufunguo uliokuwa umefika katikati ya pete. Akausukuma kwa kidole gumba. Ukarudi ulikotoka.

"Mama," akasema kwa upole, "ulikuwa umebakiza geti tu."

Yule bwana mwenye kofia aliiweka hita chini kama anayeweka mtoto aliyelala. "Asante sana," akaniambia. "Samahani."

Halafu, kabla hatujaondoka, Leanne akarudi kwenye meza, akalala chali kwenye tope mara ya pili, tukasikia anagonga mguu wa nne. "Nao mzima," akasema kutoka chini.

Meza iliingia, Leanne akaendesha, mimi pembeni yake, hatusemi. Des alibaki shambani akilinda ile mizigo mpaka turudi kuichukua tuipeleke jalalani kwa halmashauri. Tuliporudi tulimkuta amekalia hita, anamalizia mkate, na ameshakata nyaya zote kwa koleo lake zikalala kando kama mikia ya panya. Hilo ni la kukumbuka, akina mama: kitu kibovu cha umeme usikitupe na waya wake. Kuna mwenzako atakiokota.

Basi ninachowaonya ni hiki. Mkimpeleka mtoto soko la mabuti na mna hofu, mwulizeni. Mwulizeni tu, "Unataka kuinunua hiyo, au unaitazama?" Swali hilo lingeniokolea hela yangu. Na msikubali mapatano ya kunyamaza, maana anayenyamaza kwa hofu mikono yake itasema, na mikono haina akili.

Ufunguo anao Bibi Thackray. Nilimwendea wiki ile ile na keki ya tangawizi, nikamweleza pole pole wapi pa kuuweka. Akaniambia ndiyo, mvua itanyesha.

Mimi napiga kengele kama mgeni. Juzi nilipiga, hakuna jibu. Nikapiga tena. Nikafungua ule mlango mdogo wa kupitishia barua, nikainama.

"Mama, nakuona!" Leanne akapiga kelele toka jikoni. "Toa jicho kwenye tundu la barua!"

"Siyo jicho."

"Nini basi?"

"Pua."

Nilisikia kiti kinasukumwa nyuma, na miguu yake inakuja. "Ni vitunguu, Mama. Nakaanga vitunguu. Umesikia? Vitunguu tu."

"Nimesikia," nikasema. "Umezima jiko kabla ya kuja mlangoni?"

Miguu ikasimama. Halafu nikaisikia inarudi jikoni, mbio.